Chuo kinapojitoa: jarida la hadithi la wanafunzi husimama juu ya nini?

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, wanafunzi sita wa kitivo chetu waliandika barua ya ukurasa mmoja kwa dekani. Wanataka kuanzisha jarida la hadithi fupi kwa Kiswahili, litakalotoka mara tatu kwa mwaka. Wanaomba vitu vinne: ruhusa ya kuweka jina la kitivo kwenye jalada, karatasi na nafasi kwenye mashine ya fotokopi, kona ya chumba ya kuwekea kabati, na mwalimu mmoja wa kuwasimamia. Niliisoma barua hiyo kabla haijapelekwa, kwa sababu waliniomba niwasahihishie lugha. Lugha haikuwa na makosa mengi. Niliwauliza swali moja tu ambalo halikuwa na jibu ndani ya barua: siku kitivo kitakaposema basi, jarida litabaki na nini?

Mmoja wao akanitazama kwa huruma. "Yaya, ata haiyazaliwa, weye uko unaizika!"

Tulicheka wote, mimi pia. Lakini sikuuliza kwa mzaha, na makala haya ni njia yangu ya kulieleza swali lile, kwa hao sita na kwa walimu ambao barua itawafikia mezani. Tumezoea kusema kwamba chuo "kinasaidia" jarida au "kimeacha kusaidia" jarida, kana kwamba msaada ni bomba moja ambalo mtu hulifungua na kulifunga. Ukiisoma tena barua ya vijana hawa utaona kwamba wanaomba vitu vinne vyenye tabia tofauti. Jina la kitivo halinunuliwi sokoni. Karatasi inanunuliwa. Chumba kina ufunguo, na ufunguo una mwenyewe. Mwalimu ana kazi yake, ana wakubwa wake, na ana uoga wake kama mtu mwingine yeyote. Kila kimoja kinatolewa na mtu tofauti, na kila kimoja kinaweza kuondolewa bila vingine kuguswa.

Kwanza niseme kwa nini wana haki ya kuomba. Katika eneo letu hili la Afrika, fasihi mpya iliyoandikwa ilipita kwenye majarida ya vyuo kabla ya kufika kwenye vitabu. Mfano unaojulikana zaidi ni Penpoint, lililoanza mwaka 1958 katika Idara ya Kiingereza ya Makerere, Uganda. Wanafunzi ndio waliokuwa wahariri. Ngũgĩ wa Thiong'o amesimulia mwenyewe jinsi alivyomsimamisha Jonathan Kariara, aliyekuwa akishughulika na jarida hilo, akamwambia ana hadithi na angependa aitazame. Hadithi yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa amesema tu. Baada ya kusema, ilimbidi akaiandike, na ndiyo iliyotoka katika Penpoint mwaka 1960 kwa jina la The Fig Tree. Baadaye yeye mwenyewe akawa mhariri wa jarida hilo hilo.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jarida la chuo linafanya nini hasa. Linakuwepo. Kijana anajua kwamba kuna mahali panaposubiri hadithi, na mhariri ni mwenzake anayeweza kukutana naye njiani akienda kula. Mwaka 1965 mwalimu wao, David Cook, alikusanya maandishi ya miaka hiyo katika kitabu kiitwacho Origin East Africa, kilichotolewa na Heinemann. Idara iliyawezesha hayo yote bila kelele: ilikuwa na mahali pa kukutania, na ilikuwa na mwalimu aliyeona kwamba kusoma hadithi za wanafunzi ni sehemu ya kazi yake.

Msaada huo ulikuwa na mlango wake, na sisi wa kitivo cha lugha hatuna budi kuutazama. Mwezi wa Juni 1962 waandishi walikutana Makerere katika mkutano mkubwa uliohusu wale wanaoandika kwa Kiingereza. Ngũgĩ, mwanafunzi, aliitwa kwa sababu ya hadithi fupi chache zilizokwisha kuchapishwa, mojawapo katika Penpoint. Shaaban Robert, ambaye alikuwa na vitabu vingi vya ushairi na nathari, hakuitwa, maana aliandika kwa Kiswahili. Alifariki mwezi huo huo.

Miaka michache baadaye upepo uligeuka, angalau kwenye majalada. Penpoint likawa Dhana. Jarida la Nairobi lililoanza kwa jina la Nexus likawa Busara. Lile la Dar es Salaam, Darlite, likawa Umma. Majina matatu mazuri ya Kiswahili, yote kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970. Ndani, sehemu kubwa ya kurasa ikabaki Kiingereza. (Ninawaomba vijana wetu sita wasifanye kinyume chake: kuliita jarida jina la Kifaransa ili lipite vizuri ofisini.)

Kilichobadilika zaidi ya jina ni mahali pa kuchapia. Majarida hayo matatu yalitoka mikononi mwa idara, yakawa yanachapishwa na East African Literature Bureau, shirika la vitabu lenye makao yake Nairobi, lililoanzishwa tangu mwaka 1948 na kuwekwa baadaye chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa wahariri hii ilikuwa nafuu kubwa. Kurasa zilikuwa za chapa safi, kulikuwa na watu wa kusambaza nakala, na hakuna mwanafunzi aliyelazimika kukesha na mashine ya kudurufu, vidole vyeusi kwa wino. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika kwa sababu ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na fasihi: ugomvi wa serikali tatu, fedha, reli, ndege. Shirika la vitabu lilivunjika pamoja na Jumuiya, na majarida ya vyuo vitatu katika nchi tatu yakapoteza mchapishaji wao siku moja. Hakuna mtu aliyeyakasirikia, na hakuna hadithi iliyomuudhi waziri. Yalikuwa yametundikwa kwenye msumari mmoja, na msumari ukang'olewa na watu waliokuwa wakigombea kitu kingine.

Sasa nizungumzie jarida lililokuwa na msumari wake lenyewe.

Mwezi wa Novemba 1969, wanafunzi wa Dar es Salaam walitoa toleo la kwanza la Cheche. Halikuwa jarida la hadithi. Lilikuwa la siasa na uchumi. Nalileta hapa kwa sababu wahariri wake walilifikiria swali la msaada kuliko wengi. Miongoni mwao walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, ambaye miaka mingi baadaye aliiongoza wizara ya fedha ya Tanzania. Nyuma yao walikuwapo chama cha wanafunzi kilichoitwa USARF, kilichowahi kuongozwa na Yoweri Museveni alipokuwa mwanafunzi pale, na tawi la Umoja wa Vijana wa TANU la chuoni. Kurasa zilidurufiwa kwa stensili. Kazi ilikuwa ya kujitolea na jarida liliishi kwa kuuzwa. Katika hesabu ya vitu vyetu vinne, Cheche lilikuwa limejitegemea kwa karatasi na kwa jasho, na lilikuwa na walimu kama Walter Rodney waliokuwa tayari kuandika humo. Mwezi wa Septemba 1970 lilitoa toleo maalumu lenye makala marefu ya Issa Shivji, The Silent Class Struggle, ambayo hadi leo husomeshwa.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, likiwa na umri wa mwaka mmoja, lilipigwa marufuku. Chama cha USARF kilifutwa pia. Amri ilitoka serikalini ikapitia uongozi wa chuo, chuo ambacho kilikuwa kimekuwa chuo kikuu kamili miezi minne tu kabla, na mkuu wake alikuwa Rais Nyerere mwenyewe. Sababu zilizotolewa zinastahili kusomwa polepole na wanafunzi wa lugha. USARF kilisemwa hakihitajiki, kwani Umoja wa Vijana wa TANU upo. Ama jarida, kosa lilitafutwa kwenye jina. Cheche, ilielezwa, ni tafsiri ya Iskra, gazeti la Lenin, na Tanzania haina haja ya kuazima itikadi ya kigeni kwa ajili ya ujamaa wake. Neno la Kiswahili kabisa, ambalo mama analitumia akiwaonya watoto wasikae karibu na moto, likahukumiwa kwa sababu ya maana yake katika Kirusi!

Wahariri walijibu kwa maandishi, kwa hasira na kwa hoja. Na mwanzoni mwa mwaka 1971 tawi la Umoja wa Vijana likaanza kutoa jarida jingine pale pale chuoni, likiitwa MajiMaji, jina la vita vya 1905 hadi 1907 ambalo hakuna aliyeweza kuliita la kigeni. Baadhi ya kalamu zilikuwa zile zile. Tazama basi nini kilichukuliwa na nini kilichobaki: jina lilikwenda, chama kilikwenda, ujuzi wa kudurufu, wasomaji, miswada na mazoea ya kuuza mkono kwa mkono vilibaki, na vilitosha kuanza upya baada ya miezi michache.

Nimetumia neno marufuku makusudi. Marufuku na kujitoa ni mambo mawili, na tukiyachanganya hatutaielewa hali ya jarida la hadithi, ambalo kwa kawaida halipigwi marufuku. Kisa kinachoonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko vyote ninavyovijua kinatoka mbali, Marekani, lakini nimekichagua kwa sababu mambo yote mawili yalitokea kwa maandishi yale yale.

Chicago Review ni jarida lililoanzishwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1946. Mwaka 1958 mhariri wake alikuwa Irving Rosenthal, mwanafunzi, na alikuwa akichapisha sehemu za riwaya ya William Burroughs ambayo wakati huo haikuwa na mchapishaji, Naked Lunch. Mwezi wa Oktoba mwandishi mmoja wa gazeti la mji akaandika kwa ukali juu ya uchafu unaotolewa kwa jina la chuo. Mkuu wa chuo, Lawrence Kimpton, alikuwa na wafadhili wa kuwajali na baraza la kulijibu. Toleo la majira ya baridi, ambalo lingekuwa na Burroughs tena pamoja na Jack Kerouac, lilizuiwa lisitoke jinsi lilivyopangwa. Chuo hakikusema kwamba hadithi hizo zimekatazwa duniani. Kilisema tu kwamba hazitatoka humu. Rosenthal na wahariri karibu wote walijiuzulu, wakaondoka na miswada, na mwaka 1959 wakaitoa katika jarida jipya, Big Table, lililosimamiwa na mshairi Paul Carroll. Jina hilo lilipendekezwa na Kerouac: alikuwa amejiandikia kikaratasi cha kujikumbusha anunue meza kubwa zaidi.

Kisha idara ya posta ikakamata mamia ya nakala za Big Table kwa madai ya matusi. Hapo kukawa na amri, na penye amri pana mahakama. Kesi ilikwenda mbele ya Jaji Julius Hoffman, na mwaka 1960 akaamua kwamba maandishi yale si matusi kwa mujibu wa sheria. Posta ilishindwa. Lakini chuo, ambacho kilikuwa kimefanya jambo karibu lile lile miezi michache kabla, hakikushindwa na mtu, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kukishtaki. Mwenye nyumba akisema sitaki tena mkutano wenu sebuleni kwangu, utampeleka wapi?

Wanaopenda kusimulia kisa hiki huishia kwenye ushindi wa mahakamani. Mimi naona haki niongeze hesabu nyingine. Big Table lilitoa matoleo matano tu likafa. Chicago Review, lililobaki na chuo, linatoka mpaka leo.

Kabla sijafika Lubumbashi nilisoma miaka miwili katika chuo cha mji mwingine, ambacho sina haja ya kukitaja, na huko nilikuwa mhariri wa jarida dogo la hadithi. Tulitoa matoleo matatu. Tulikuwa na vitu vyote vinne vinavyoombwa na vijana wetu: jina kwenye jalada, mashine ya sekretarieti siku ya Jumamosi, kabati la chuma katika chumba cha walimu, na mwalimu mwema aliyesoma kila hadithi kwa kalamu ya risasi mkononi. Katika toleo la tatu mlikuwa na hadithi ya asistanti anayewauzia wanafunzi silabusi na kuwaandika wasionunua. Ilikuwa hadithi ya kuchekesha, na mwisho wake asistanti alikuwa akiuza silabusi kwa mke wake.

Hakuna aliyesema neno juu ya hadithi hiyo. Baada ya wiki mbili hivi ikaja barua ya mistari mitatu: wino wa mashine umepanda bei, kuanzia sasa fotokopi ni za mitihani tu. Ilikuwa kweli, wino ulikuwa umepanda. Mwezi uliofuata chumba cha walimu kikapewa watu wa uhasibu, na kabati likaenda nacho. Hiyo pia ilikuwa kweli, wahasibu walikuwa wakibanana. Mwalimu wetu akaanza kunisalimia kwa mbali. Mpaka leo sina ushahidi wowote kwamba hadithi ya silabusi ndiyo iliyotuponza, na ndiyo maana sikuweza kulalamika. Ningelalamikia nini? Bei ya wino?

Ndani ya kabati mlikuwa na hadithi kumi na moja zilizokuwa zikisubiri toleo la nne, nyingi zimeandikwa kwa mkono, nakala moja moja. Nilikwenda kuomba ufunguo mara tatu. Mara ya tatu kabati lenyewe halikuwepo. Hapa kosa ni langu, silitupi kwa mtu: ningeweza kuzinakili hadithi hizo wakati wowote katika miezi sita niliyokaa nazo, na sikufanya hivyo kwa sababu nilidhani kabati la chuo ni mahali salama kuliko mfuko wangu. Kuna msichana aliyekuwa ameniletea hadithi ya kurasa kumi na nne juu ya nyanya yake na treni ya makaa. Nilikutana naye sokoni mwaka uliofuata. Hakunisalimia kwanza. "Hadisi yangu iko wapi?" Nilimwambia niko natafuta. Sikuwa nikitafuta.

Turudi nyumbani. Katika mji huu muhuri una nguvu. Ukienda na karatasi isiyo na muhuri, hata mlinzi wa lango anakuuliza wewe ni nani. Mmoja wa wale sita alinieleza vizuri: wakiwa na jina la kitivo wataweza kuingia katika shule za sekondari za Kenya na Katuba kuuza nakala, mkuu wa shule atawapokea, bila jina watafukuzwa kama wachuuzi. Nakubali. Na nauelewa upande wa dekani. Kila neno litakalochapishwa chini ya jina la kitivo ataulizwa yeye, hata kama hakulisoma. Si haki kumtaka mtu abebe mzigo wa jina halafu tumwite adui siku anapouona mzito.

Lakini wanakitivo hasa tunapaswa kukumbuka kwamba hata jina la chuo si mwamba. Mwaka 1971 vyuo vikuu vitatu vya nchi hii vilikusanywa kuwa kimoja, UNAZA, vitivo vikagawanywa upya, na masomo ya lugha na fasihi yakaletwa hapa Lubumbashi kwa uamuzi wa juu. Mwaka 1981 chuo hicho kimoja kikagawanywa tena. Mwanafunzi aliyeanza masomo katika taasisi yenye jina moja aliweza kuyamaliza katika yenye jina jingine bila kuhama kitanda chake. Jarida lililoandika kwenye jalada lake jina la mwaka 1970 lingekuwa yatima mwaka 1972 bila kosa la mtu.

Na tuna mfano wetu wa upande wa pili. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa wafanyakazi wa nyumbani, historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu, akaiita Vocabulaire de ville de Elisabethville. Maandishi yalipigwa taipu na kudurufiwa. Hapakuwa na kitivo nyuma yake, wala msahihishaji, na tahajia yake ingemtoa jasho mwalimu yeyote wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1990 Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha hapa, aliitoa kitabuni, na leo hakuna anayesoma historia ya Kiswahili cha Lubumbashi akairuka. Ilidumu kwa sababu ilikuwa imedurufiwa. Nakala zilikuwa zimetoka nje ya sanduku la mwandishi, na moja ikafika kwenye mikono iliyojua thamani yake.

Kwa hiyo niliwashauri wale sita waibadilishe barua, nao wakabishana nami jioni nzima, mpaka umeme ukakatika tukaendelea kwa taa ya simu. Mimi ningeacha kabisa kuomba jina la kitivo. Wao walikataa, kwa sababu ya zile shule. Tukakubaliana nusu njia: jalada litakuwa na jina la jarida peke yake, ambalo ni mali ya wahariri, na ndani, kwa herufi ndogo, itaandikwa kwamba linatoka kwa msaada wa kitivo. Siku msaada ukiisha mstari huo unafutwa na jalada halibadiliki. Chumba tumekitoa kwenye maombi, kabati halitakuwepo. Karatasi wanaomba bado, lakini nusu tu, na nusu nyingine watanunua kwa mauzo na kupiga fotokopi kwenye vibanda vya nje ya lango, ili toleo moja kati ya matatu litoke bila mashine ya kitivo hata kama mashine ipo. Kulipia fotokopi ukiwa huna haja ni upuuzi, mmoja alisema. Nadhani ni mazoezi.

Mwalimu ndiye aliyetuchukua muda mrefu kuliko vyote. Msimamizi aliyeteuliwa na dekani anaweza kuondolewa na dekani. Msimamizi waliyemchagua wenyewe na kumwomba kwa mdomo anaweza kuchoka tu, kama alivyochoka wangu. Mwishowe waliandika kwamba wanaomba walimu wawili, na kwamba mwalimu akitaka hadithi isitoke aandike sababu yake kwa mistari michache, na sababu hiyo isomwe na wahariri wote. Hapa ndipo ninapowaomba walimu wanaosoma makala haya wasikasirike. Hakuna anayewanyima haki ya kukataa. Msimamizi anayeandika "hadithi hii inamtaja jirani yangu kwa jina" amempa mwandishi kitu cha kurekebisha. Anayesema wino umepanda hajampa kitu.

Barua mpya ilipelekwa wiki iliyopita, na dekani ameahidi kuwapokea Alhamisi baada ya somo la mwisho. Hadithi saba zimekwisha kufika. Kila moja imepigwa fotokopi mara mbili langoni: moja imerudi kwa mwandishi pamoja na mswada wake, nyingine iko kwangu Kalubwe, ndani ya sanduku la nguo, chini ya koti la harusi la marehemu baba.